Njia Zisizo na Magari: Reli ya Mita Moja, Kutoka Nakuru hadi Bretagne

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu huria, Linux na hifadhidata. Leo nitawatoa nje kidogo. Tutazungumza juu ya baiskeli, reli na mashamba ya Bonde la Ufa. Msifunge ukurasa bado! Kompyuta itaingia, tena mtaona kwamba jambo lote hili ni suala la kumbukumbu: kipi kimeandikwa, nani alikiandika, na nini hukipata kitu ambacho hakikuandikwa popote.

Swali la leo ni hili. Ukiwa na baiskeli hapa Nakuru, ukataka kwenda kilomita 50 bila kupitwa na trela hata moja, utapita wapi? Na hiyo njia utakayopita, ilitoka wapi?

Tuanze na tatizo lenyewe. Barabara kuu inayotoka Nairobi kupitia Naivasha, Gilgil na Nakuru ndiyo mshipa wa mizigo ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Trela ni nyingi, matatu zina haraka, na bega la barabara limegeuzwa kuwa njia ya tatu ya kupitana. Majina kama Salgaa na Sachang'wan yanajulikana nchi nzima, na si kwa mema. Pale Sachang'wan, Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka lilishika moto na zaidi ya watu 100 wakafa. Mwishoni mwa 2025 ulizinduliwa ujenzi wa kuipanua barabara hii kutoka Rironi hadi Mau Summit, umbali wa kilomita 175 hivi. Upanuzi utasaidia magari. Mwenye baiskeli bado anauliza: na mimi je?

Mwenye baiskeli wa huku amejitafutia jibu kitambo. Anaiacha lami. Anaingia kwenye changarawe, au murram kama tunavyosema Nakuru. Siku hizi mtindo huo umepata jina na fedha. Marekani, katika mji wa Emporia jimboni Kansas, yamekuwapo mashindano makubwa ya baiskeli kwenye changarawe tangu 2006, na shirikisho la dunia la mchezo huu, UCI, lilianzisha ubingwa wa dunia wa changarawe mwaka 2022. Kenya nayo ilipata mashindano yake, Migration Gravel Race, kule Maasai Mara mwaka 2021. Mmoja wa vinara wake alikuwa Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, ambaye alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni huko Vermont, Marekani. Mungu amlaze pema.

Lakini mchezo ni jambo moja na maisha ni jingine. Kabla ya neno hilo la mashindano kufika huku, walikuwapo wazee wenye Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma isiyo na gia, wakibeba maziwa, makaa na magunia ya viazi kwenye njia hizo hizo. Hawakuwa wakitafuta mandhari. Walikuwa wanakwepa kugongwa, na walikuwa wanafuata njia fupi.

Kwa hiyo njia zipo. Ukifungua picha za setilaiti ukaangalia eneo lililo kati ya Njoro, Rongai, Solai na Gilgil utaona utando wa mistari ya kahawia. Mistari mingine imenyooka kama rula, mingine inapinda polepole kufuata mlima. Mimi nilipoanza kurekodi safari zangu kwa GPS na kuziweka juu ya ramani, nilitaka tu kujua mwinuko. Nikaona kwamba mistari ile ina tabia tofauti, na kila tabia ina historia yake. Nazigawa katika tabaka 4.

Tabaka la kwanza ni la misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili kutoka Pangani na Mombasa walikuwa wakipita huku kwenda Baringo kutafuta pembe za ndovu. Walipita kwa miguu, mizigo kichwani, wakifuata maji: Naivasha, Elmenteita, Nakuru, halafu kaskazini. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipopita bondeni, vitabu vikamwita mvumbuzi. Lakini aliongozana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa akiijua njia hiyo tayari. Thomson aliandika, Kimameta hakuandika, na yale maporomoko ya maji ya Nyahururu yakapata jina la Thomson. Hilo liwekeni akilini, tutalirudia.

Njia za misafara zilikuwa juu ya nchi ya watu. Wamaasai walichunga bondeni, na walikuwa na vijia vyao vya ng'ombe kati ya maji na malisho. Mwaka 1904 Waingereza waliwafanya wahame kutoka sehemu za Naivasha na Nakuru wapelekwe Laikipia na kusini, ili ardhi iliyo karibu na reli wapewe walowezi. Mwaka 1911 wale wa Laikipia wakahamishwa tena. Vijia vyao havikuingia kwenye ramani za mashamba. Kwa mpimaji wa wakati ule, ardhi ilikuwa tupu. Tunajua haikuwa tupu.

Tabaka la pili ni reli, na hapa mtaalamu wa kompyuta atafurahi. Upimaji wa njia ulifanywa mwaka 1891 na 1892 chini ya Kapteni Macdonald, kwa miguu, kutoka Mombasa hadi ziwani. Ujenzi ulianza Mombasa 1896. Reli ilifika Nairobi 1899, ikapita Nakuru 1900, na mwisho wa 1901 ikafika Kisumu. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na maelfu yao hawakurudi kwao. Upana wa reli ile, yaani nafasi kati ya vyuma viwili, ulikuwa mita moja kamili. Kumbukeni pia hiyo mita moja.

Gurudumu la chuma juu ya chuma lina msuguano mdogo sana. Ndiyo maana treni hubeba mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo, na ndiyo maana pia haiwezi kupanda mlima mkali, itateleza. Wahandisi wa reli kama hizi hujitahidi kubaki kwenye mwinuko wa mita 2 au chini yake kwa kila mita 100. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kijabe hilo halikuwezekana haraka, wakalazimika kwanza kushusha mabehewa kwa kamba za chuma mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Mahali pengine popote walifanya kile ambacho sisi tunakiita kutafuta njia ya gharama ndogo. Edsger Dijkstra alichapisha kanuni yake maarufu mwaka 1959: kila kipande cha njia kina uzito wake, tafuta jumla iliyo ndogo. Wapimaji wa reli walikuwa wameitatua hesabu hiyo kwa miguu na darubini zaidi ya nusu karne kabla. Uzito wao ulikuwa mwinuko.

Sasa fikirieni: binadamu juu ya baiskeli ana injini dhaifu. Mwinuko wa 2 kwa 100 anaupanda huku akipiga soga. Wa 10 kwa 100 unamfanya ashuke asukume. Kwa hiyo popote reli ya zamani ilipopita, kuna mtu alikwishamfanyia mwendesha baiskeli hesabu, bila kujua kwamba anamfanyia.

Kutoka kwenye reli kuu yalichipuka matawi. Katika miaka ya 1920 likajengwa tawi la Solai kupitia mashamba yaliyo kaskazini ya Nakuru. Ikajengwa njia mpya ya kwenda Eldoret, ile inayopanda hadi Timboroa, kituo kilicho karibu mita 2,740 juu ya usawa wa bahari. Na mwaka 1929 lilikamilika tawi la Gilgil hadi Thomson's Falls, yaani Nyahururu, kilomita 77 hivi, kupitia Ol Kalou na Ol Joro Orok. Mkipata ramani ya tawi hilo mtaona linavyozunguka na kujikunja likipanda taratibu kutoka bondeni. Lilijengwa kubeba mazao ya walowezi. Mwananchi wa kawaida aliishi kando yake na kutembea kando yake, na hadi leo kijia cha miguu kinacholala sambamba na reli ndicho njia ya wanafunzi wengi na ya akina mama wanaokwenda sokoni.

Tabaka la tatu ni mashamba makubwa. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903, baadaye akawa na Soysambu kando ya Ziwa Elmenteita. Wengine walifuata. Shamba la ukubwa huo linahitaji barabara zake lenyewe: kutoka nyumbani hadi zizini, kutoka zizini hadi mashine ya maziwa, kutoka hapo hadi kituo cha treni. Barabara hizo zilikuwa za mkokoteni na baadaye trekta. Zilinyooka, na zilikuwa za mtu binafsi. Mfanyakazi alizipita akiwa kazini. Akitoka nje ya shamba alitakiwa awe na kipande chake shingoni.

Tabaka la nne ni uhuru, na ndilo linalotugusa zaidi. Kuanzia 1962 Mpango wa Ekari Milioni Moja ulinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa kwa wakulima wadogo, hasa upande wa Nyandarua. Upande wa Nakuru watu walichanga pesa katika kampuni za kununua ardhi. Nenda Njoro utasikia mahali panaitwa Ndeffo. Jina hilo ni kifupi cha kampuni ya waliokuwa wapigania uhuru wa wilaya ya Nakuru. Shamba moja la mlowezi likawa vipande mia kadhaa, na kila kipande lazima kifikiwe. Mpimaji akachora vijia vya kufikia shamba, akavipa upana wa mita kadhaa, akasonga mbele. Ule utando wa mistari iliyonyooka mnaouona kwenye setilaiti ni huo. Ulichorwa ili mtu afike shambani kwake na gari la ng'ombe liweze kugeuka.

Haya basi. Tabaka 4, na hakuna hata moja lililojengwa kwa ajili ya baiskeli. Hata hivyo mwenye baiskeli ndiye anayefaidi kuliko wote. Anaweza kutoka Njoro akapita kati ya ngano na mahindi nusu siku nzima, akikutana na punda, boda boda mbili tatu, na watoto wanaopiga kelele "how are you".

Mbona basi nasema kuna tatizo? Ili kulieleza nitawapeleka mbali, hadi Ufaransa. Sijawahi kufika. Lakini kuna sababu ya kuchagua mahali hapo, nayo ni ile mita moja.

Bretagne ni rasi ya magharibi kabisa ya Ufaransa. Ni nchi ya wakulima, ng'ombe wa maziwa na mvua, yenye lugha yake, Kibretoni, ambayo kwa muda mrefu ilidharauliwa shuleni. Mwaka 1891 ilianza kufunguliwa huko reli ndogo yenye upana wa mita moja, sawasawa na yetu, ikiitwa Réseau Breton. Kitovu chake kilikuwa mji wa Carhaix, na kutoka hapo zilitoka njia 5 kuelekea pande zote, zaidi ya kilomita 400 kwa jumla. Kazi yake ilikuwa ile ile ya tawi la Nyahururu: kufikisha mazao ya bara kwenye reli kubwa. Kisha malori yakaja. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya reli hiyo ilifungwa.

Kuna na mfereji. Napoleon aliamua mwaka 1811 kuchimba njia ya maji kutoka Nantes hadi Brest kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari. Ni kilomita 360 na ushei, zenye malango ya maji zaidi ya 230. Kando ya maji ikatengenezwa njia ya farasi waliokuwa wakivuta mashua. Bwawa la umeme la Guerlédan, lililoanza kazi 1930, liliukata mfereji katikati, na biashara ya mashua ikafa.

Kwa hiyo kufikia 1967 Bretagne ilikuwa na reli iliyokufa na mfereji uliokufa. Leo ukienda huko unaweza kuendesha baiskeli siku nyingi mfululizo juu ya tuta la ile reli na kando ya ule mfereji, kwenye changarawe safi, bila gari. Kilichotokea hapo katikati si muujiza. Vyuma na mataruma viling'olewa, lakini ukanda wa ardhi haukukatwa vipande vipande ukauzwa wote. Sehemu kubwa iliangukia mikononi mwa serikali za mitaa na mikoa. Halafu mwaka 2004 Ufaransa iliingiza katika sheria zake za barabarani aina mpya ya njia, voie verte, yaani njia ya kijani: njia iliyotengwa kwa watembea kwa miguu, baiskeli na farasi. Magari hayaruhusiwi. Imeandikwa.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Njia ya Bretagne haina magari kwa sababu sheria imeyazuia. Njia ya Njoro haina magari kwa sababu ina mashimo. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa ukiwa juu ya baiskeli asubuhi yenye jua huwezi kuona tofauti.

Utaiona siku lami ikifika. Nami siwezi kuomba lami isifike. Mama mwenye maziwa lita 20 anayehitaji kufika kiwandani kabla hayajaharibika anaitaka lami. Mjamzito anayepelekwa hospitali usiku wa mvua anaitaka zaidi. Ni aibu mtu wa mjini mwenye baiskeli ya bei kubwa kusema, tafadhali iacheni barabara yenu mbovu, naipenda hivyo. Lakini lami ikishafika, magari nayo hufika na kasi yake, na yule mtoto aliyekuwa akienda shule kwa Black Mamba ya babu yake anasukumwa mtaroni. Tumempa mama barabara, tumemnyang'anya mtoto njia. Kwa nini lazima iwe moja au nyingine? Kwa sababu katika vitabu vyetu kuna mstari mmoja tu kwenye ramani, na wote wanaugombania.

Tena kuna hatari ya upande wa pili, njia kufungwa kabisa. Kijia nilichokuwa nikikipita mara kwa mara kaskazini ya Nakuru kiliwekewa waya wa seng'enge mwaka fulani. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi hapo. Akacheka. "Kijana wangu, hii njia babu alipita, baba alipita. Lakini karatasi iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Kimameta aliijua njia, Thomson akaiandika. Jina likabaki la aliyeandika.

Nchi nzima inalijua jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kiholela, ikiwa ni pamoja na akiba za barabara. Katiba ya 2010, katika ibara ya 62, inahesabu barabara na njia zilizowekwa kwa sheria ya Bunge kuwa ardhi ya umma. Someni vizuri maneno hayo: zilizowekwa kwa sheria. Kijia cha mbuzi hakimo.

Kuna sehemu moja katika bonde letu inayokaribia mfano wa Bretagne, nayo ni Hell's Gate, karibu na Naivasha. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984, na ni miongoni mwa hifadhi chache sana za Kenya ambako mgeni anaruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Magari yanaingia, lakini kwa mwendo wa pole. Angalieni imefanikiwa kwa nini: kuna mpaka, kuna lango, kuna kanuni, na kuna mtu aliyepewa kazi ya kuzisimamia. Vijana wanaokodisha baiskeli pale wanapata riziki kutokana na kanuni hiyo. Hata majirani zao wakubwa, mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria iliyoanza kuzalisha umeme 1981, wanaishi na hifadhi hiyo kwa sababu mipaka yake ipo kwenye karatasi.

Sasa turudi kwenye reli zetu. Mtaniambia, basi tung'oe tawi la Nyahururu tufanye kama Bretagne. Hapana, ngojeni. Reli yetu haikufa kwa namna ile. Ilizimia. Kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli za Kenya na Uganda mwaka 2006 na mkataba wake wa Kenya ukakatika 2017, huku matawi mengi yakiota nyasi na vyuma vikiibwa. Halafu kuanzia 2020 shirika la reli lilianza kufufua njia za kale za mita moja, ile ya Nanyuki kwanza, na kazi ikaingia pia kwenye tawi la Gilgil hadi Nyahururu. Mimi nafurahi treni ikirudi, kwa sababu kila behewa la mizigo ni trela moja pungufu pale Salgaa. Na nisisitize: reli yenye treni si mahali pa kuendesha baiskeli.

Lakini zipo njia za kufaidi vyote viwili. Wamarekani mwaka 1983 walibadilisha sheria yao ya njia za taifa ili reli isiyotumika iweze kuwekwa akiba. Ukanda unabaki mzima, watu wanapita kwa miguu na baiskeli, na siku treni ikihitajika tena inarudishwa. Wale mnaoandika programu mtaitambua mara moja. Ukitaka kuondoa rekodi katika hifadhidata unaweza kuifuta kabisa, au unaweza kuiwekea alama kwamba kwa sasa haitumiki. Ukifuta, imekwenda. Ukiweka alama, unaweza kuirudisha kesho, na viungo vyake vyote bado vipo. Kuugawa ukanda wa reli viwanja ni kufuta. Kuupa kazi nyingine kwa muda ni kuweka alama.

Na pale ambapo treni imerudi, ukanda wa reli ni mpana kuliko vyuma viwili. Kile kijia cha miguu kando yake, ambacho watu wamekitumia tangu 1929, kinaweza kuandikwa kama njia, kikawekewa uzio upande wa reli na kalvati pale maji yanapokata. Mwinuko ulishapimwa miaka mia moja iliyopita, hakuna haja ya kumlipa mtaalamu aupime upya.

Je, sisi tunaweza kufanya nini tukiwa na kompyuta zetu? Mnajua OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kenya tuna historia nzuri nayo: mwaka 2009 vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Katika OpenStreetMap kila njia ya shamba inaweza kupewa daraja, kuanzia la 1 ambalo ni gumu na laini kupita, hadi la 5 ambalo ni nyasi na tope. Unaweza kuandika aina ya uso, nani anaruhusiwa, na kama zamani palikuwa na reli. Programu za kutafuta njia husoma habari hizo na kuzitumia kama uzito katika ile hesabu ya Dijkstra. Kijia ambacho hakijachorwa, kwa programu hakipo, na msafiri atapelekwa barabara kuu kwenye trela.

Nisiwadanganye. Ramani huria si hati ya ardhi, na mahakama haitamwondoa mtu mwenye seng'enge kwa sababu mmechora mstari. Lakini ni ushahidi wenye tarehe kwamba watu walipita hapa. Kikao cha kaunti kikikaa kujadili barabara ya kuwekwa lami, au mpimaji akija kugawa shamba la mwisho kubwa, ni bora awepo mtu mwenye ramani ya vijia vyote mkononi kuliko mtu mwenye kumbukumbu za babu yake peke yake.

Nimalizie na Wabretoni tena, maana wanachekesha na wanafundisha. Wana neno lao la kijia cha shamba, ribin. Mwaka 1984 mtu aitwaye Jean-Paul Mellouët alianzisha mashindano ya baiskeli, Tro Bro Léon, yanayopita makusudi kwenye hizo ribin badala ya kuzikwepa. Lengo lake lilikuwa kuchangisha pesa za shule za Diwan, zinazofundisha watoto kwa Kibretoni. Mbretoni anayefanya vizuri zaidi hupewa nguruwe mdogo. Leo ni mashindano ya kimataifa, na vijia ambavyo zamani vilijulikana na matrekta tu vina majina na watu wanaovitunza.

Sisi hatuhitaji nguruwe, mbuzi atatosha. Lakini majina tunayo, na vijia tunavyo. Wikendi hii mkitoka na baiskeli Njoro, Bahati, Solai au Gilgil, washeni GPS ya simu, mwulizeni mzee wa hapo njia inaitwaje, na mkirudi nyumbani ichoreni kwa jina hilo hilo.

Tukutane njiani. Na mbebe pampu, miiba ya huku haina huruma.